Uwanja wa Forodhani na Siri ya Jina Lake



Leo nataka kuwaeleza habari za uwanja mmoja katika mji mkuu wa Zanzibar. Wengi wenu mmepata kuuona kwa macho, na wasiouona wamesikia sifa zake kwa watu waliorudi safari. Ni uwanja wa Forodhani, ulio baina ya Ngome Kongwe na bahari, ukikabili ile nyumba kubwa iitwayo Beit al-Ajaib.

Sababu ya kuchagua habari hii ni swali nililoulizwa na mtoto. Nilikuwa nimefuatana na wanafunzi wa Mtambile katika safari ya kwenda kuutazama mji. Tulipanda chombo bandarini Mkoani, tukafika Unguja salama, na jioni tukaenda Forodhani. Watoto wakatazama vijana wa mjini wakijirusha baharini kutoka ukutani, wakanusa harufu ya pweza na mishkaki, wakafurahi sana. Lakini mmoja wao hakufurahi kama wenzake. Alikuwa akitazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu. Mwisho akaja kwangu akasema, “Mwalimu, forodha ni pahali pa kutoza ushuru. Hapa naona bustani, na watu wanakula. Forodha yenyewe i wapi?”

Nikamjibu kwa maneno machache kwamba forodha ilikuwapo zamani, nayo imehama. Jibu lile lilikuwa kweli, lakini lilikuwa dogo kuliko swali. Niliporudi nyumbani likanisumbua moyoni kama deni. Basi leo nataka kulilipa deni lile, na ninyi nyote mwe mashahidi.

Kwanza tutazame jinsi pahali penyewe palivyo. Ufuo ule umeelekea magharibi, na mbele yake maji yana kina cha kutosha vyombo kutia nanga. Kwa hiyo tangu zamani watu waliokuja kwa bahari walishuka hapo. Wareno walijenga kanisa karibu na ufuo huo. Hata mwisho wa karne ya 17, Waarabu wa Oman walipowafukuza Wareno, wakajenga ngome pahali palipokuwa na kanisa. Ngome hiyo ndiyo tuiitayo leo Ngome Kongwe, na kuta zake zingali zimesimama. Alaa kulli hali, uwanja wenyewe wakati huo haukuwa bustani wala haukuwa na majina ya fahari. Ulikuwa mchanga, na kamba za vyombo, na watu wenye mizigo.

Mambo yalikua katika zamani za Seyyid Said bin Sultan. Bwana huyo alikuwa mtawala wa Oman, lakini tangu miaka ya 1830 alizidi kukaa Unguja, akaufanya mji huo kuwa makao ya utawala wake. Alitambua kwamba utajiri wa nchi hizi ulikuwa katika biashara zaidi ya vita. Mwaka wa 1833 akafanya mkataba na Wamarekani, na mwaka wa 1839 akafanya mwingine na Waingereza. Na katika mikataba hiyo ikakubaliwa kwamba ushuru wa bidhaa ziingiazo uwe 5 katika kila 100. Tangu hapo merikebu za mbali zikazidi kuja. Zilileta bunduki, shaba, shanga na nguo. Nguo ile ya pamba isiyotiwa rangi, iliyotoka Marekani, ndiyo mababu zetu walioipa jina la merikani, na jina hilo halijatutoka mpaka leo.

Na bidhaa hizo zote, ziingiazo na zitokazo, zilipita mlango mmoja, nao ni forodha. Labda mtu atadhani kwamba nyumba iliyopita mali nyingi namna hiyo ilikuwa jumba la mawe lenye madirisha ya vioo. La! Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyefika Unguja mwezi wa Desemba 1856, alistaajabu kuona kwamba ilikuwa banda refu la chini, lililoezekwa na kusimamishwa juu ya nguzo za miti zisizochongwa, zipatazo dazeni mbili. Chini ya banda hilo zilirundikana pembe za ndovu, sandarusi, ngozi, nazi na karafuu. Makarani walikaa na daftari zao, mahamali wakapita na mizigo mabegani, na mizani ikapanda na kushuka tangu asubuhi mpaka jioni. Kipimo kilikuwa frasila, yaani ratli 35, na fedha ilikuwa reale.

Huenda mkauliza, nani aliyeushika ushuru ule? Seyyid hakuwa na makarani wa kutosha wala hakupenda kungojea mapato ya kila siku. Kwa hiyo aliikodisha forodha. Maana yake ni hii: tajiri mmoja huahidi kumlipa mtawala fedha maalumu kila mwaka, kisha yeye hutoza ushuru kwa watu, kikizidi kitu ni faida yake, kikipungua ni hasara yake. Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Baadaye iliingia mikononi mwa Taria Topan, naye pia mfanyabiashara mashuhuri. Watawala wenyewe mara nyingi walikopa kwa wakodishaji hao, hata ikawa vigumu kujua ni nani mwenye nguvu zaidi, aliyekaa katika jumba la kifalme au aliyekaa chini ya makuti.

Sasa nimefika katika sehemu ya habari ambayo nisingependa kuieleza, wala sina haki ya kuificha. Miongoni mwa vitu vilivyopita forodhani walikuwamo watu. Waliletwa kutoka bara katika majahazi, wamebanwa chini ya sitaha, wengi wao watoto. Walishushwa ufuoni, wakahesabiwa kama magunia yanavyohesabiwa, na kila kichwa kikatozwa ushuru wake. Wageni waliokaa Unguja siku zile waliandika kwamba waliodhoofika mno, ambao mwenyewe hakutumaini tena kuwauza, waliachwa ufuoni wafe, ili wasilipiwe ushuru. Mchanga wenyewe ulikuwa huu huu ambao leo watoto wanakimbizana juu yake wakila miwa.

Biashara hiyo ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873, zamani za Seyyid Barghash bin Said, na soko la watumwa katika mji likafungwa. Utumwa wenyewe uliondolewa katika sheria kwa amri ya Seyyid Hamoud bin Mohammed mwezi wa Aprili 1897. Baina ya miaka hiyo miwili kulikuwa na miaka 24, nayo ilikuwa miaka mingi kwa mtu aliyekuwa akiingoja.

Mtu wa Pemba huenda akasema, “Haya yote ni habari za Unguja, sisi twahusika nini?” Twahusika sana, na hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja. Ikang'oa minazi, na mikarafuu ikaanguka karibu yote. Lakini tufani ile haikuidhuru Pemba sana. Mikarafuu yetu ikasimama, na bei ya karafuu ikapanda, na watu wakapanda mikarafuu mingine katika vilima na mabonde yetu. Tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar. Karafuu hizo zilichumwa hapa, zikachambuliwa makonyo, zikaanikwa juu ya majamvi, zikatiwa katika magunia, zikapakiwa katika vyombo, zikavuka bahari, zikapimwa forodhani. Ushuru wake ukawa mmojawapo wa mapato makubwa ya Serikali.

Basi tazameni tarehe. Tufani ni ya mwaka wa 1872. Na mwaka wa 1883 Seyyid Barghash akajenga Beit al-Ajaib, jumba refu lenye nguzo za chuma na baraza pande zote, lililowashangaza watu hata wakaliita nyumba ya maajabu. Bwana huyo pia aliuletea mji maji safi kwa mifereji kutoka chemchemi, na hilo ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa maji yalimfaa tajiri na maskini. Wajenzi wake hatukatai sifa yao. Lakini fedha ilitoka wapi? Haikutoka katika nguzo wala katika baraza. Sehemu yake kubwa ilipita forodhani, na nyingi ya hiyo iliondoka katika mashamba kama haya yaliyotuzunguka hapa Mtambile, kwa mikono ya watu ambao, mpaka mwaka ule wa 1897, wengi wao hawakuwa huru na hawakupewa ujira.

Nasema neno hili kwa upole. Katika darasa moja la Mtambile hukaa mjukuu wa mtu aliyemiliki shamba na mjukuu wa mtu aliyechuma katika shamba hilo bila ya hiari yake. Wanakaa ubao mmoja, wanaazimana kalamu, wanacheza mpira pamoja. Sitaki mtoto yeyote aone haya kwa jambo alilolitenda mwingine kabla yake, wala sitaki mtoto yeyote adhani kwamba wazee wake hawakujenga kitu. Mwalimu afichaye habari hii ili kulinda amani ya darasa hailindi amani. Anaiahirisha fitina tu.

Tuendelee na uwanja wetu. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 ukawa uwanja wa vita. Siku mbili kabla yake Seyyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme akajitangaza kuwa Sultani. Waingereza, ambao nchi ilikuwa chini ya himaya yao tangu mwaka wa 1890, hawakumkubali. Manowari zao tano zilikuwa zimetia nanga mbele ya majumba. Wakampa muda mpaka saa tatu ya asubuhi. Muda ulipokwisha mizinga ikalia. Hazikupita dakika 45, na vita vikawa vimekwisha. Vyatajwa kuwa vita vifupi kupita vyote katika historia ya ulimwengu. Lakini ufupi wa vita si wepesi wa msiba. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au walijeruhiwa, na upande wa Waingereza aliumia vibaya baharia mmoja. Jumba la Beit al-Hukm likabomoka, na mnara wa taa uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika hata ukavunjwa. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Wadachi, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa katika kiti.

Baada ya hayo ufuo ukaona mambo mapya. Mwaka wa 1905 gari la moshi lilianza kwenda kutoka karibu na Ngome mpaka Bububu, safari ya maili saba hivi, na watu wa mashamba wakapata njia ya kuingia mjini. Reli hiyo haikuishi sana. Barabara na magari ya motakaa yaliishinda, na katika miaka ya 1920 ikaacha kuchukua abiria. Katika miaka hiyo hiyo ikajengwa bandari mpya huko Malindi, yenye gati la kufungia merikebu kubwa. Forodha ikahama, na mahamali wakaifuata kazi yao. Uwanja ukabaki mtupu, nao una jina la kazi isiyokuwapo tena.

Hapo ndipo bustani ilipoanza. Mwaka wa 1936 Seyyid Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 katika kiti chake. Uwanja ukapandwa majani na miti, kikajengwa kibanda cha wapiga muziki, na bustani ikapewa jina la Jubilii. Mwaka wa 1956 ukajengwa mlango wa mawe kandokando ya bahari kwa ajili ya kumpokea Princess Margaret wa Uingereza. Kisha, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, usultani ukaondoka na jina la Jubilii likaachwa.

Basi hesabuni wenyewe. Masultani wamepita, balozi na gavana wamepita, binti wa mfalme alikuja akaenda zake. Kila utawala ulitaka uwanja ule ubebe alama yake. Lakini mwananchi akimwita mwenziwe jioni alisema nini? Alisema, “Twende Forodhani.” Hakuna aliyewaamuru kusema hivyo. Ndimi za watu zililihifadhi jina la kazi, zikayaacha majina ya sherehe. Wazee husema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Na watu wa mji hawakusahau.

Jina laweza kukaa bila ya kugharimiwa, bali mawe hayawezi. Uwanja ulichakaa. Ukuta wa bahari ulipigwa na mawimbi, majani yakafa, taa zikaharibika, uchafu ukazidi. Mji Mkongwe ulitiwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu ya UNESCO mwaka wa 2000, lakini kutiwa katika orodha si kutengenezwa. Hata Serikali ikashirikiana na Aga Khan Trust for Culture, ukuta ukaimarishwa, njia zikatandikwa mawe, miti na taa zikatiwa, na wauza vyakula wakapangiwa pahali pao. Mwezi wa Julai 2009 uwanja ukafunguliwa upya. Ndiyo maana wanafunzi wangu waliukuta ukipendeza.

Lakini jirani yake hakupata bahati hiyo kwa wakati. Beit al-Ajaib ilikuwa ikidhoofika kidogo kidogo, maji ya mvua yakiingia na chuma kikiliwa na kutu. Sehemu yake moja ilianguka mwaka wa 2012. Na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kuitengeneza ikiwa inaendelea, upande mzima wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Nyumba iliyookoka mizinga ya mwaka wa 1896 iliangushwa na mvua, kutu na miaka. Kila mwenye nyumba ya udongo hapa shamba ajua jambo hili: ukuta hauanguki siku ile uangukapo, bali huanza kuanguka siku ile ufa uonekanapo na mtu akasema, “Nitaziba kesho.”

Vivyo hivyo ilivyo habari za wazee. Hapa Pemba wangali hai watu waliosimuliwa na mababu zao jinsi karafuu zilivyopimwa na kusafirishwa, nani aliyezichuma na nani aliyepata fedha. Habari hizo ni ukuta wenye ufa. Kila mwaka mzee mmoja huondoka, na jiwe moja huanguka. Kwa hiyo nawaomba ninyi wanafunzi, likizo ijapo mkae na babu na bibi zenu, mwaamkie kwa adabu, mwaulize, kisha mwandike katika daftari yale watakayowaambia, ya furaha na ya huzuni pia, bila ya kuongeza wala kupunguza.

Na wewe mwanangu uliyeniuliza swali lile, sasa pokea jibu lako kamili. Uliniuliza forodha i wapi. Banda la makuti limekwisha oza, na mizani imehamia Malindi. Lakini ulikuwa umesimama juu yake. Mchanga ulio chini ya miguu yako ulihesabiwa watu wasiokuwa na hatia, na juu yake zilipita karafuu zilizotoka katika vilima vya kwenu. Mtu wa Mtambile aendapo Forodhani si mgeni katika uwanja wa watu wengine. Wazee wake walikwisha mlipia kiingilio.

Basi ukienda mara ya pili, nunua pweza wako, kaa ukutani utazame jua likizama, ufurahi, maana furaha hiyo ni haki yako. Ila kabla hujaondoka, waambie wenzako jina la pahali lina maana gani. Wasikilizaji wangu, kwaherini ya kuonana.